Kuondoa Rangi ya Zamani kwenye Vioo vya Maua vya Milango

Kioo cha maua, yaani kile kioo chenye michoro ya mabonde na matuta ambacho hupitisha mwanga lakini huficha sura ya aliye nyuma yake, kimewekwa katika milango ya nyumba nyingi, hasa milango ya mbele, ya bafu na ya korido, kwa sababu humpa mwenye nyumba mambo mawili ambayo kwa kawaida hayakai pamoja, nayo ni mwangaza na sitara. Katika nyumba za zamani kioo hicho hukutwa mara nyingi kimepakwa rangi, ama kwa makusudi na mkazi aliyetaka sitara zaidi, ama kwa haraka ya mpaka rangi ambaye brashi yake ilivuka fremu kila mara nyumba ilipopakwa upya, hadi tabaka moja likakaa juu ya jingine na michoro ikafukiwa. Rangi hiyo inaweza kutoka yote bila kioo kuvunjika wala kukwaruzwa, na kinachohitajika zaidi ni muda wa kuloweka kuliko nguvu za mkono. Jambo hilo lafaa kusisitizwa mapema, kwa kuwa desturi ya wengi ni kuanza na kisu, na vioo vingi vizuri vimeharibiwa katika nusu saa ya kwanza ya kazi.

Ili kuelewa kwa nini kisu hakifai, inabidi kujua kioo hiki kinavyotengenezwa. Mwaka 1847 James Hartley, mtengenezaji wa vioo wa mji wa Sunderland nchini Uingereza, alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya njia ya kumimina kioo kilichoyeyuka juu ya meza ya chuma na kukipitishia rola ili kiwe bapa. Baadaye njia hiyo iliboreshwa kwa kupitisha kioo kingali laini katikati ya rola mbili, moja ikiwa imechongwa michoro, nayo michoro hiyo ikabaki katika mwili wa kioo kinapopoa. Kampuni ya Chance Brothers ya Smethwick, Uingereza, ilijulikana sana kwa vioo vya aina hiyo. Kwa kuwa rola moja tu ndiyo yenye michoro, kioo kingi cha maua kina upande mmoja wa mabonde na upande mwingine ulio karibu laini, na tofauti hiyo ya pande mbili ndiyo inayoamua namna ya kufanya kazi nzima. Inafaa pia kukumbuka kwamba michoro mingi ya zamani haitengenezwi tena, hivyo anayevunja kipande kimoja katika mlango wenye vipande sita huenda asipate cha kufanana nacho dukani, na mwishowe akalazimika kubadilisha vyote.

Kuhusu kioo chenyewe, kiasi cha asilimia 70 hivi ni silika, yaani madini yale yale ya mchanga mweupe, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni chokaa na soda. Soda huongezwa kwa sababu silika peke yake huhitaji joto la takriban nyuzi 1,700 za Selsiasi ili iyeyuke, nayo soda hulishusha joto hilo hadi kiwango ambacho tanuri za kiwanda hukimudu. Soda ya namna hiyo huchimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya, ambako kampuni ya kuichimba ilianzishwa mwaka 1911, na imekuwa ikiuzwa kwa watengenezaji wa vioo wa nchi mbalimbali. Itaonekana baadaye kwamba magadi, ambayo wapishi wengi huyajua kwa kulainishia maharage, yana kazi nyingine katika kuondoa rangi.

Ugumu wa kioo ni jambo la pili la kujua. Katika kipimo cha ugumu wa madini kilichobuniwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanzia 1 kwa madini laini kabisa na kuishia 10 kwa almasi, kioo cha kawaida hupata kati ya 5 na 6, mchanga hupata 7, na chembe nyingi zinazogandishwa kwenye msasa hufika 9. Kwa hiyo msasa, hata ule laini, hukwaruza kioo bila shaka yoyote, na vivyo hivyo unga wa kusugulia masufuria uliochanganywa na mchanga. Chuma cha wembe au cha skrepa kinakaribiana na kioo kwa ugumu, na mara nyingi mkwaruzo unaodhaniwa kuwa wa wembe hutokana na punje ya mchanga au ya saruji iliyonaswa chini yake na kuburutwa.

Rangi nayo hushika kioo kwa namna yake. Mbao zina vinyweleo ambamo rangi hupenya na kujishikiza, ilhali kioo hakina vinyweleo, na rangi iliyo juu yake imeshikwa na uso tu. Ndiyo maana upande ulio laini, rangi ya zamani inaweza kubanduka kwa vipande vikubwa kama ganda la kitunguu pindi maji yanapopata njia ya kuingia chini yake. Upande wa mabonde hali ni tofauti, kwa kuwa utando wa rangi umeingia kila kishimo na kuzunguka kila kituta, nao hushikwa na umbo la kioo lenyewe. Ncha ya kisu hugusa vilele vya matuta na kuviacha na alama, wakati rangi iliyo chini katika mabonde haiguswi kamwe. Anayesugua kwa nguvu huishia kuwa na kioo kilichochakaa juu na kichafu chini.

Upande wa mabonde hutambuliwa kwa kidole kilicholoweshwa. Maji yakipakwa kwenye upande laini, kioo hakibadiliki sana, lakini yakipakwa kwenye upande wa mabonde ulio safi, mahali pale hupoteza ukungu wake na mtu huweza kuona ng'ambo kwa uwazi zaidi, kwa sababu maji hujaza mabonde na kupindisha mwanga kwa kiasi kinachokaribia kile cha kioo kuliko hewa inavyoupindisha. Jambo hilo dogo lina maana kubwa kwa mlango wa bafu: vanishi isiyo na rangi ikibaki mabondeni baada ya kazi, au dawa ya kuondolea rangi isiposuuzwa vizuri na ikakaukia humo, kioo hupungukiwa sitara ingawa kwa macho kinaonekana kisafi.

Kabla ya kupaka chochote, ni lazima kuhakikisha kwamba kilichopo ni kioo kweli na kwamba ukungu wake ni wa kioo chenyewe. Milango kadhaa ya miaka ya karibuni ina bamba la plastiki lenye michoro inayoiga kioo, na bamba hilo likipakwa asetoni au thina hulainika na kufifia papo hapo bila kurekebishika. Hutambuliwa kwa kuligonga taratibu kwa sarafu, kwani plastiki hutoa mlio mzito uliozibwa na kioo hutoa mlio mkali, na pia kwa kuligusa, kwa kuwa kioo huwa baridi zaidi mkononi. Kuna pia vioo laini vilivyofanywa kuwa na ukungu kwa kupuliziwa rangi maalumu au kubandikwa karatasi ya plastiki, na dawa ya kuondoa rangi ya zamani itaondoa na mapambo hayo. Vioo vilivyotiwa ukungu kwa kupulizwa mchanga au kwa asidi havidhuriki hivyo, lakini uso wao umejaa vishimo vidogo mno vinavyonasa mafuta na uchafu, hivyo huhitaji kusuuzwa mara nyingi zaidi. Njia ya kuondoa shaka yote ni kujaribu kila dawa kwenye pembe ndogo iliyofichika, kusubiri, kusuuza na kutazama kikiwa kikavu.

Suala linalostahili nafasi kubwa kuliko mengine yote katika habari hii ni madini ya risasi. Kwa muda mrefu watengenezaji wa rangi za mafuta walitumia misombo ya risasi, yaani madini hayo yakiwa yameungana na elementi nyingine, ama kama unga mweupe wa kuipa rangi uzito, ama kama unga wa manjano na wa rangi ya chungwa unaong'aa, ama kama kiungo cha kuharakisha ukaukaji. Madhara yake yalijulikana mapema kiasi kwamba mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi ya risasi nyeupe katika kupaka rangi ndani ya majengo, lakini Marekani haikupiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi hadi mwaka 1978, na katika nchi nyingi, za Afrika zikiwamo, rangi kama hizo ziliendelea kuuzwa miaka mingi baada ya hapo. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa leo ni sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni moja za rangi kavu, na Kenya ilikiweka kikomo hicho katika viwango vyake mwishoni mwa miaka ya 2010. Maana yake ni kwamba mlango wa zamani uliopakwa rangi ya mafuta unapaswa kuchukuliwa kuwa una risasi mpaka vipimo vya maabara vioneshe vinginevyo, kwa kuwa macho hayawezi kuitambua.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi, kwa sababu miili yao hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi wanayoimeza kuliko ya watu wazima, kwa sababu ubongo wao ungali unakua, na kwa sababu ya kawaida yao ya kutambaa sakafuni na kutia vidole mdomoni. Rangi iliyotulia mahali pake haina hatari kubwa; hatari huja inapogeuzwa kuwa vumbi kwa msasa au kwa kukwangua kukiwa kukavu, na vumbi hilo likatua kwenye mkeka, kwenye godoro na katika vyombo. Kwa hiyo kila hatua ya kazi hii inapaswa kufanywa kukiwa na unyevu, watoto na wajawazito wakiwa mbali, sakafu ikiwa imetandazwa nailoni nzito, na mabaki yakikusanywa yakiwa bado mabichi. Sakafu hupanguswa kwa kitambaa kilicholoa wala haifagiliwi, na nguo za kazi hufuliwa peke yake. Kwa kuwa kuloweka ndiyo njia inayofaa zaidi kwa kioo na pia ndiyo isiyotoa vumbi, anayefuata njia hiyo huhifadhi kioo na afya kwa pamoja.

Aina ya rangi ndiyo huamua dawa. Matone ya chokaa, ambayo huonekana sana pale kuta zilipopakwa chokaa bila vioo kufunikwa, si rangi kwa maana halisi, kwani chokaa ikikauka hurudi kuwa namna ya jiwe, na jiwe hilo huyeyushwa na asidi hafifu. Siki au maji ya ndimu yakiachwa juu yake dakika chache hutoa mapovu madogo, na tone hutoka kwa mswaki. Rangi ya maji, yaani ile inayochanganywa na maji na kutumiwa zaidi kwenye kuta, hukauka maji yanapoondoka na vitone vya plastiki vilivyomo kukaribiana hadi vikaungana kuwa utando mmoja. Utando huo haurudi kuwa maji, lakini hulainika ukilowekwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na kinachobaki mabondeni hulainishwa kwa spiriti ile ya buluu au ya zambarau inayouzwa madukani.

Rangi ya mafuta ndiyo yenye ukaidi. Watu wengi hushangaa kwamba thina au tapentaini iliyosafisha brashi vizuri siku ya kupaka haifanyi lolote kwenye tone lililokauka, na sababu ni kwamba mafuta ya rangi hiyo hayakaushwi na hewa kama nguo inavyokaushwa. Mafuta hayo hupokea oksijeni kutoka hewani na kuungana yenyewe kwa yenyewe, chembe kwa chembe, mpaka yakawa wavu mmoja mgumu ambao hakuna thina inayoweza kuufumua. Wavu huo huondolewa kwa mojawapo ya njia mbili: ama kwa kiyeyushi kikali kinachopenya na kuuvimbisha hadi ujitenge na kioo, ama kwa alkali, yaani kitu kilicho kinyume cha asidi, ambayo huyavunja mafuta na kuyageuza kuwa sabuni kwa namna ile ile ambayo watengeneza sabuni huitumia.

Hapo ndipo magadi yanapoingia. Magadi ni alkali ya nguvu ya kati, yenye nguvu kuliko soda ya kuumulia mandazi lakini dhaifu mno kuliko kostiki soda, na udhaifu huo ni faida kwa mtu asiye na uzoefu. Maji ya moto yaliyokolezwa magadi yakikorogwa na uji mzito wa wanga hupatikana ute unaoshika kwenye kioo kilichosimama bila kuchuruzika. Ukipakwa unene wa nusu sentimita, ukafunikwa kwa nailoni nyembamba iliyobanwa pembeni kwa tepu ya karatasi, na kuachwa usiku kucha, asubuhi rangi huwa imebadilika. Mng'ao wake huwa umepotea, uso umekunjamana, na ukibonyezwa kwa ncha ya kijiti huacha alama. Rangi ambayo bado inarudisha kijiti haijaiva, na inapaswa kufunikwa tena, kwani kusugua wakati huo ni kupoteza nguvu bure. Tabaka nyingi huhitaji kurudia mara mbili au tatu, na pale ambapo tabaka la juu ni rangi ya maji, hilo huondolewa kwanza ili magadi yafike kwenye mafuta.

Rangi iliyoiva hutolewa kwa mswaki wenye nywele ngumu za nailoni, ukizungushwa kwa miduara midogo na kuchovywa mara kwa mara katika maji ya sabuni, huku tope likifutwa kwa kitambaa kabla halijarudi kujaza mabonde yaliyokwisha kusafishwa. Ni vyema kusafisha eneo la ukubwa wa kiganja hadi likamilike kabla ya kuhamia jingine. Katika pembe, ambako michoro hukutana na fremu na ambako rangi huwa nene kuliko popote, kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa hufanya kazi nzuri, kwa sababu ni kigumu kuliko rangi iliyolainika na ni laini kuliko kioo. Wembe una nafasi yake pia, lakini ni upande laini peke yake, ukiwa mpya, kioo kikiwa kimeloa sabuni, na ukilazwa na kusukumwa kuelekea upande mmoja kisha kuinuliwa. Ukirudishwa nyuma huburuta chembe zilizonaswa chini yake.

Dawa za kiwandani za kuondolea rangi hufanya kazi haraka zaidi, na zile zilizotengenezwa nzito kama jeli ndizo zinazofaa kwa kioo kilichosimama, lakini maandishi ya kopo hayana budi kusomwa kabla ya kununua. Dawa za zamani zilizotegemea kiyeyushi kiitwacho dikloromethani ni za kuogopwa. Kiyeyushi hicho huchemka kwenye joto la nyuzi 40 hivi, kwa hiyo katika mji wa pwani wenye joto hugeuka mvuke upesi, na mvuke ukivutwa mwilini sehemu yake hugeuzwa kuwa monoksidi ya kaboni, ile gesi ya jiko la mkaa lililofungiwa chumbani. Watu wamekufa wakiwa wanaondoa rangi kwa dawa hiyo ndani ya vyumba vidogo, hasa bafuni, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake kwa watu wa kawaida kwa kazi ya kuondoa rangi, Umoja wa Ulaya ukiwa umetangulia. Dawa inayotaja kiyeyushi hicho inastahili kuachwa dukani.

Kostiki soda nayo huondoa rangi ya mafuta kwa kasi, lakini huunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho, huifanya mbao ya mninga au ya mvule iwe nyeusi, na hula fremu za alumini huku ikitoa gesi inayoshika moto. Kuharibu mlango wa mbao nzuri ni hasara kubwa kuliko rangi iliyokuwa juu ya kioo chake. Hata kwa kutumia magadi, inafaa mbao zizibwe kwa tepu, glavu za mpira zivaliwe, na macho yakingwe kwa miwani. Moto usitumiwe kabisa. Mashine ya kupuliza hewa ya moto inayolainisha rangi ya mbao hupasua kioo, kwa kuwa mahali palipopashwa hutanuka wakati pembeni, ndani ya fremu, pamebaki baridi, na kioo cha kawaida hakivumilii sana tofauti ya namna hiyo. Zaidi ya hayo, joto kali hugeuza risasi kuwa mvuke usioonekana.

Inapowezekana, mlango hung'olewa kwenye bawaba zake na kulazwa juu ya meza iliyotandikwa blanketi la zamani, kwa sababu dawa hutulia mabondeni na kioo hupata kitu cha kukiegemeza chini. Vioo vya zamani vingi vina unene wa milimita 3 au 4 tu, na mkono unaobonyeza katikati ya kipande kikubwa kisicho na kitu chini yake unaweza kukipasua. Kioo chenye ufa, hata mdogo wa pembeni, kwanza hubandikwa tepu kwenye ufa huo, na hapo panabaki bila kusuguliwa.

Baada ya rangi kutoka, kusuuza ni kazi ya pekee. Alkali iliyobaki mabondeni hukauka kuwa vumbi jeupe na itakataa rangi mpya itakayopakwa kwenye fremu, hivyo kioo na mbao husuuzwa kwa maji mengi yanayobadilishwa, kisha hupanguswa kwa maji yaliyotiwa siki kidogo ili kuiua alkali ya mwisho, na kukaushwa kwa kitambaa cha pamba. Maji hayo na mabaki ya rangi hayamwagwi kwenye bustani ya mchicha wala karibu na kisima. Mabaki huachwa yakauke ndani ya gazeti, hufungwa katika mifuko miwili na kupelekwa na taka mahali ambapo hayatachomwa.

Linabaki suala la ukingo. Puti, yaani ule udongo laini wa mafuta unaoziba nafasi kati ya kioo na fremu, hulainishwa na dawa zile zile zinazolainisha rangi ya mafuta, kwa hiyo ute hausogezwi hadi kwenye puti, na ikitokea imelainika huachwa ikauke upya au hubadilishwa. Rangi mpya ya fremu inapopakwa, mafundi waangalifu huivusha makusudi juu ya kioo kwa upana wa milimita 2 hivi, mstari mwembamba unaofunga mpaka wa puti na kioo ili mvua isipenye na kuozesha mbao kutoka ndani. Kwa sababu hiyo anayesafisha kioo cha mlango wa nje akikuta mstari wa namna hiyo ukiwa mzima na umenyooka, auache palepale ulipo.